CT imeonyesha kivuli kwenye kongosho: stenti kwanza au vipimo kwanza?

Muulizaji: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Baba yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 63, amekuwa na macho ya manjano na kuwashwa mwili mzima. CT (picha za eksirei za kompyuta) imeonyesha kivuli kwenye kichwa cha kongosho, lakini ripoti haina uhakika. Daktari mmoja anataka altrasaundi ya kupitia endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera), na mwingine anashauri stenti (kijibomba cha kuzibua mrija) iwekwe haraka ili nyongo ipite. Kipi kitangulie?

Jibu la 1 (radiolojia): Pole kwa kuuguza. Uliza kwanza CT hiyo ilipigwaje. Saratani ya kongosho kwa kawaida ina nyuzi nyingi na damu kidogo, hivyo hubaki na weusi wakati kongosho lenye afya linang'aa kwa dawa ya kuonyesha mishipa, na tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi takriban sekunde 40 hadi 50 baada ya dawa kuingia mshipani. Hiyo ni awamu ya kwanza ya picha; awamu ya pili, karibu sekunde 70, huonyesha vena na ini. Daktari wa upasuaji hutegemea picha hizo kujua kama mishipa mikubwa imeguswa. Zipigwe kabla ya stenti, kwani stenti huvuruga picha, na kongosho linaweza kuvimba baada ya kuwekwa. Lakini akipata homa na kutetemeka, kuzibua mrija wa nyongo hakusubiri.

Jibu la 2 (endoskopi): Nakubaliana. Kifaa chetu cha endoskopi chenye altrasaundi hupita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, jirani kabisa na kongosho, kwa hiyo huweza kuona uvimbe wa chini ya sentimita 2 ambao CT huukosa. Tangu Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walipochapisha mwaka 1992 namna ya kuchoma kongosho kwa sindano kupitia kifaa hicho, sindano zimeboreshwa hadi kukata kinyama kizima badala ya kunyonya seli tu. Kinyama hicho husaidia kutofautisha saratani na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe, ambao hutibiwa kwa steroidi. Tafadhali mzingatie kwamba sampuli isiyo na saratani haitoshi kumtoa mgonjwa wasiwasi. Picha zikiendelea kutia shaka, sampuli huchukuliwa tena.

Muulizaji: Asanteni sana, madaktari. CT yake ilikuwa ya awamu moja, na hana homa. Kesho tunaomba irudiwe kabla ya stenti.

Jibu la 1: Vizuri. Apimwe figo kwanza, kwa sababu ya dawa hiyo ya mshipani.