Ndama wangu ana siku 11 hajasimama. Niendelee kumlea au nimpumzishe?

Mama wa Bandani, Tukuyu

Habari zenu wafugaji. Nitaandika kirefu, mnisamehe. Kila niliyemweleza kwa kifupi amenipa jibu la haraka, na mimi usiku sipati usingizi.

Nina ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, na huu ulikuwa uzao wake wa pili. Banda liko nyuma ya jiko, kwenye mteremko, migomba pembeni. Alizaa usiku, mvua inanyesha kama ilivyo kawaida ya huku kwetu. Ndama alikwama, tukamvuta kwa kamba mimi na mume wangu, na niliposhika miguu yake ya mbele nikajua mambo si mazuri. Ilikuwa imekunjamana magotini na kwenye vifundo, kama ngumi ya mtoto aliyelala. Nikajiambia akikauka itanyooka. Haikunyooka.

Ni dume. Nalisema mapema kwa sababu najua mtaniuliza. Angekuwa jike, majirani wangeniambia nivumilie. Kwa kuwa ni dume, tena kilema, wameshapita watu wawili kuulizia nyama.

Dang'a alipata mapema. Nilimkamua mama yake nikamnywesha ndama kwa chupa, chupa sita za nusu lita kabla hakujapambazuka. Hamu ya kunyonya anayo, chupa anaivuta mpaka inabonyea. Ila maziwa mengine humtoka puani, na akimaliza anakohoa. Kijana wa mifugo aliyepita siku ya 3 alimchoma antibiotiki akasema ndama huyu anakunywa kwa pupa, atazoea. Hajazoea.

Mwanangu wa miaka 10 amemtengenezea mabanzi ya bomba la plastiki lililobaki tulipovuta maji. Tulilipasua katikati, tukaweka pamba, tukafunga kwa vitambaa vya kanga. Mguu wa kushoto nikiuvuta kwa mkono unanyooka karibu wote. Wa kulia haukubali, ni kama ubao. Mara tano kwa siku tunampitishia gunia chini ya tumbo, huku mimi, huku mtoto, tunamnyanyua. Akiwa juu anatikisa mkia. Tukilegeza anaangukia kidevu. Goti la kulia limeshachubuka, na jana niliona wekundu wa nyama.

Mume wangu anasema tumchinje, na hasemi kwa ukali, yeye ndiye aliyemvuta akitoka. Mama mkwe anasema tumwache, Mungu atamchukua mwenyewe, nipunguze tu maziwa. Hilo la kupunguza maziwa ndilo lililonitoa machozi. Kumlea naelewa. Kumchinja naelewa. Kumlaza pembeni nikisubiri njaa imalize kazi ambayo mimi sikutaka kuifanya, hapo nashindwa kujitazama.

Sijui kama namnyanyua kwa faida yake au kwa sababu mwanangu ananitazama. Mliopitia haya, mlijuaje?

Mchunga wa Simanjiro

Pole sana mama. Sisi huku ng'ombe wanatembea. Ndama asiyesimama mpaka jua la pili hana namna, kundi linafuata maji na fisi wanafuata kundi. Baba yangu alikuwa anammaliza mwenyewe, hamtumi mtoto, na siku hiyo hali nyama. Sijui kama hiyo ni sheria au ni yeye tu.

Wako yuko bandani, ana chupa na ana gunia la kunyanyuliwa, kwa hiyo siwezi kukupimia kwa kibaba chetu. Nakuunga mkono kwa moja: usimpunguzie maziwa. Niliwahi kumwona ndama aliyeachwa hivyo kwenye boma la watu. Alikaa siku sita. Kila mtu akipita anasema "bado?"

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama wa Bandani, nimekusoma mara mbili. Kabla ya kuzungumza habari ya kuchinja au kulea, kuna vitu viwili uvifanye leo hii.

Cha kwanza, hiyo miguu. Umeshaipima bila kujua. Mguu unaonyooka kwa mkono, tatizo ni kano fupi, na ndama wengi wa namna hiyo hupona kwa mabanzi ndani ya wiki moja au mbili, ilimradi ufungue kila siku uangalie ngozi na umsimamishe kwa muda mfupi mfupi kano zijivute. Mguu usionyooka hata ukitia nguvu, kiungo chenyewe kimeganda tangu tumboni. Huo hauponi kwa banzi. Ukiufunga kwa nguvu unamtesa tu, na kidonda cha goti kinatoka hapo. Ufungue wa kulia sasa.

Cha pili kimenishtua zaidi ya miguu: maziwa puani. Chukua tochi, mumeo ambane kichwa, fungua mdomo utazame juu, kwenye kaakaa, mpaka nyuma kabisa. Pitisha na kidole kilichooshwa. Miguu iliyoganda na kaakaa lililopasuka wakati mwingine huzaliwa pamoja. Ni kama mdomo sungura wa binadamu, ila huu uko ndani, kwa nje huoni kitu. Ndama wa hivyo kila anapomeza, maziwa kidogo yanaingia kwenye mapafu. Hapo kikohozi si pupa tena, ni nimonia inayojengeka kila siku, na antibiotiki haiwezi kuizuia kwa sababu chanzo kinarudi kila mlo.

Ukikuta kaakaa ni zima, mimi niko upande wako wa kulea. Mpe siku 10 za mabanzi mguu wa kushoto, matandiko makavu, mgeuze ubavu kila baada ya saa chache, halafu tuzungumze habari ya ule wa kulia. Ng'ombe wa miguu mitatu ni mzigo, ila mbuzi na ndama wadogo nimewaona wakijimudu.

Ukikuta pengo, mwanangu, usimpe siku 10. Atakufa kwa kukosa pumzi, na kifo hicho ni kirefu.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Wengi wanadhani ni habari ya punda kupigwa barabarani. Mwenye mnyama anawajibika asimwache ateseke bila sababu, na kumwacha bila kula wala tiba ni kumtesa, hata kama hukumgusa. Hili umelifahamu mwenyewe kabla sijalisema.

Na umeniacha na swali: ulimpandisha kwa dume gani?

Umm Zuhura, Muheza

Dada yangu, assalam aleikum. Mimi nafuga mbuzi, nina visa viwili.

Wa kwanza alizaliwa na miguu mitatu, wa nne ulikuwa kipande kama kidole gumba. Watu walicheka. Nikamwacha. Siku ya pili alisimama akaegemea ukuta, siku ya nne akamfuata mama yake. Huyu amezaa mara mbili, pacha mara ya pili. Angechinjwa siku ile kwa kuwa anatazamika vibaya tungemdhulumu.

Wa pili alikuwa mzuri wa sura, mweupe, macho makubwa, ila nyuma amepooza. Kumbe huyu ndiye aliyenishinda. Wanangu walimbeba kwenye beseni, wageni wakamkumbatia, mjomba akampiga picha. Nikamlea miezi minne. Mwanzo nilimsafisha mkojo mara tatu kwa siku. Baadaye mara mbili. Baadaye nikawa nampitia asubuhi haraka, simwangalii upande wa chini. Siku moja nimemgeuza nikakuta funza pajani, wameshaingia ndani. Nililia mbele ya watoto. Sikulia kwa kuwa anakufa. Nililia kwa sababu miezi ile yote nilikuwa naona macho yake tu, mapaja siyaoni.

Kwa hiyo ukiniuliza nilijuaje, nitakuambia mtazame kule usikopenda kutazama. Goti lile. Na anapokohoa usigeuze uso.

Mume wangu alinoa kisu jioni ile kwenye jiwe mpaka nikamwambia basi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha anayechinja anoe kisu na ampe mnyama raha. Nilikuwa naisikia tangu chuoni nikiwa mtoto. Jioni ile ndiyo niliielewa.

Mama wa Bandani

Mzee, shikamoo. Nimefanya ulivyosema, jana jioni. Mume wangu alishika kichwa, mimi nikashika tochi ya simu. Kuna pengo. Linaanzia katikati ya kaakaa na linakwenda nyuma hadi nisikoweza kuona, kidole changu kimeingia chote bila kugusa kitu. Nilikitoa kina maziwa ya mchana.

Mguu wa kulia nimeufungua. Chini ya pamba palikuwa na harufu. Nilikuwa nafungua kila baada ya siku mbili, kwa sababu nilipofungua alilia na mimi nikaona bora nisimsumbue. Umm Zuhura, nimekuelewa vizuri mno.

Kuhusu dume: ni la jirani mwenye dume pekee kitongojini. Mume wangu amehesabu tukiwa tumekaa jikoni. Ng'ombe wetu tulimnunua akiwa mtamba, bado hajazaa, kutoka kwa jirani huyohuyo, na ni mtoto wa dume hilohilo. Hatukuwahi kuliwaza. Ni karibu, ni bure, tukampeleka.

Bwana Mifugo Mstaafu

Marhaba. Pole, mwanangu.

Siwezi kuapa kuwa ni damu kukaribiana ndiko kulikoleta haya. Kuna virusi vinavyoenezwa na wadudu wanaouma vikimpata mama akiwa na mimba changa, kuna majani yenye sumu, kuna chanjo ambazo mama mwenye mimba hapaswi kupewa, kama ile ya homa ya bonde la ufa yenye virusi hai. Ila baba na binti, hapana, msirudie. Uhimilishaji, yaani kupandishwa kwa mbegu bila dume, unapatikana, mbegu zinatoka kituo cha taifa pale Usa River, Arusha. Muulize afisa mifugo wa kata. Na mwambie jirani kwa upole, bila kumshtaki, maana mitamba mingine ya dume lile iko kwenye mabanda ya watu.

Kuhusu ndama: alichomwa antibiotiki, kwa hiyo nyama yake isiliwe na mtu. Wale wawili wakirudi waambie hivyo, wasidhani unawanyima. Tafuta daktari mwenye sindano ya kumlaza usingizi kwanza. Akimaliza kwa dawa ya kuua moja kwa moja, hata mbwa wasile, mzoga unabaki na sumu. Zikeni chini sana, mbali na chemchemi.

Mama wa Bandani

Nimerudi kuwaambia, kwa sababu mlikaa na mimi.

Daktari alikuja Jumamosi saa nne kutoka mjini. Alimsikiliza kifua, pande zote mbili, akasema mapafu yameshaingia maji. Hakuwa na ile dawa ya kumaliza, alikuwa na ya usingizi. Nikamwomba anisubiri nimnyweshe kwanza. Alitaka kukataa, nikaona usoni, kisha akasema kidogo tu. Nilimpa nusu chupa polepole, kichwa nimekiinua, na yaliyotoka puani niliyafuta kwa kanga. Halafu sindano. Alilala kichwa kikiwa kwenye paja langu, kikohozi kikatulia, mara ya kwanza tangu azaliwe nikamsikia anapumua bila kukoroma. Mume wangu na daktari wakafanya lililobaki. Sikuondoka.

Mwanangu nilimwuliza tangu Ijumaa kama anataka kuwepo. Alisema hapana, ila alitaka kuchimba. Amechimba na baba yake chini ya mgomba wa mwisho, mpaka yeye mwenyewe akawa haonekani akisimama ndani. Usiku aliniuliza kama mabanzi yake ndiyo yaliyomuumiza. Nilimwambia ukweli: la kushoto lilikuwa linasaidia, la kulia lilimuumiza, na aliyepaswa kulifungua kila siku ni mimi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza la kushoto lilikuwa limesaidia kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono jinsi mguu ulivyokuwa unanyooka.

Mama mkwe hakusema kitu. Alileta maji ya moto ya kunawa.

Jirani nimeongea naye. Hakufurahi, ila hakubisha.

Sasa nina mama yake ndama. Jioni, saa ile ya chupa, anaita akitazama kona ile, na maziwa anayabana, natoa lita mbili mahali pa tano. Titi moja limeanza kuwa gumu. Nakanda kwa maji ya moto na ninakamua mara tatu kwa siku. Kuna aliyewahi kuwa na ng'ombe anayeita hivi? Anachukua siku ngapi?