Printa ya kubebeka ya kuuzia picha papo hapo kwenye harusi za wanawake

Binti wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu wapigapicha.

Mimi ni mpigapicha wa kike hapa Lamu mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni harusi, hasa usiku wa kupamba, ambapo wanaume hawaingii na simu za wageni hukusanywa mlangoni kabla bibi arusi hajatolewa. Kwa miaka minne nimekuwa nikipiga picha usiku, kisha nikipeleka kadi ya kamera studio zikasafishwe, na wateja wakingoja siku tatu au zaidi. Mwezi uliopita mama wa bibi arusi mmoja alinishika mkono nikiwa nafunga mfuko wa kamera, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, baada yako wewe, nani mwingine atamuona huyu mtoto wangu?" Nilishindwa kumjibu, kwa sababu wanaosafisha picha pale studio ni vijana wa kiume, na yeye alilijua hilo kabla hajauliza.

Tangu usiku ule nimeazimia kununua printa yangu mwenyewe, niichapishe picha mulemule ukumbini na kuiuza kabla mgeni hajavaa buibui lake kuondoka. Lipo pia suala la riziki, kwa kuwa wageni wanaotoka Siyu, Faza na Mombasa huondoka asubuhi na boti za mapema, na picha ambayo haikununuliwa usiku ule ni nadra kununuliwa tena. Wageni huwa kati ya 150 na 200. Nina mdogo wangu wa kunisaidia. Kwa kuwa kwetu mizigo hubebwa kwa mkono, kwa mkokoteni au kwa punda, na kumbi nyingine ziko juu ya ngazi nyembamba za nyumba za kale, nahitaji kitu ambacho wanawake wawili wataweza kukipandisha, na ambacho umeme ukikatika hakitanifedhehesha. Naomba ushauri wa mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake.

Mpigapicha wa Malindi

Wa alaykum salaam dada. Nimeuza picha papo hapo huku Malindi kwa miaka kadhaa, kwa wageni wanaotembelea Nguzo ya Vasco da Gama, kwenye mahafali ya shule na kwenye harusi za upande wa wanaume, kwa hiyo nitakuambia nililojifunza kwa kutumia pesa zangu.

Printa za mfukoni ziache. Zile zisizotumia wino, ambazo rangi zimo ndani ya karatasi yenyewe na huamshwa na joto, hutoa picha ya inchi 2 kwa 3, na katika kipimo hicho hina ya bibi arusi huonekana kama doa. Zile za Instax Mini nazo hutumia filamu halisi, ambayo eneo lake la picha ni milimita 62 kwa 46 na huuzwa kwa pakiti za kumikumi, kwa hiyo ni ghali kwa udogo wake. Vijana huzipenda, lakini mama anayetaka kuweka picha ya bintiye kwenye fremu hataridhika nayo. Printa za wino wa maji zenye matangi, kama Epson L8050 yenye rangi sita, ndizo nafuu zaidi kwa kila picha na zinafika ukubwa wa A4, nami ninayo moja nyumbani kwa ajili ya albamu. Hata hivyo, mashine yenye matangi ya wino yaliyojaa inataka kukaa mahali pamoja, imelala sawa, na sioni jinsi utakavyoipitisha kwenye boti na mgongoni mwa punda bila kumwaga.

Kinachobaki ni printa za utepe. Ndani yake mna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa rangi ya manjano, ya waridi iliyokolea na ya samawati, zikifuatana, na mwishoni tabaka angavu la kinga. Kichwa chenye joto huihamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi, na ndiyo maana utaiona karatasi ikitoka na kurudi mara nne, picha ikianza na umanjano, kisha ikapata wekundu wa ngozi, kisha vivuli vikajaa, na mwisho ikang'aa. Inatoka ikiwa kavu. Nimewahi kuona mtoto akiishika kwa vidole vyenye halua, mama yake akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu na haikupata doa, jambo ambalo picha ya wino wa kawaida isingelivumilia.

Katika jamii hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni Canon Selphy CP1500, ambayo haifiki kilo moja, hutoa picha ya milimita 100 kwa 148 na huchukua sekunde 41 hivi kwa kila moja. Karatasi na utepe huuzwa pamoja katika pakiti ya RP-108, yaani karatasi 108 na tepe mbili za picha 54 kila mmoja. Trei hubeba karatasi 18, kwa hiyo kila utepe hula trei tatu. Ya pili ni mashine za kazi nzito kama DNP DS-RX1HS, ambayo hutoa picha ya inchi 4 kwa 6 kwa sekunde 12.4, na roli yake moja ya karatasi hutosha picha 700. Ila ina uzito wa kilo 14, na bei yake ni ya mtu mwenye matukio kila wiki. Wapo pia ndugu zake wadogo, kama DNP QW410, yenye uzito usiofika kilo sita na roli ya picha 150.

Mimi nakushauri ununue Selphy mbili. Piga hesabu mwenyewe: picha 108 kwa sekunde 41 ni saa moja na robo bila kusimama, na mashine hii husimama, kwa sababu kichwa kikipata moto sana hujipumzisha chenyewe hadi kipoe. Ukiwa na mbili, moja ikipoa nyingine inafanya kazi, na moja ikiharibika usiku wako haujaharibika. Ukiwa na moja kubwa, siku itakayogoma utarudi nyumbani na pesa za watu mikononi.

Kuhusu bei, uzuri wa utepe ni kwamba gharama haibadiliki: picha yenye giza tupu na picha ya gauni jeupe hula kipande kilekile. Gawanya bei ya pakiti kwa 107 au 106, usigawanye kwa 108, kwa kuwa kila tukio huwa na karatasi moja au mbili za kuharibika, kisha uweke juu yake nauli, msaidizi na bahasha. Anayesahau bahasha hujikuta anauza kwa hasara bila kuelewa sababu.

Fundi wa Mokowe

Nakubaliana na ndugu wa Malindi kuhusu mashine mbili, lakini ameyapitia haraka mambo ambayo huku kwetu ndiyo huua printa, nayo ni hewa, vumbi na umeme.

Printa ya utepe ni adui wa kila kitu kidogo kinachoelea hewani. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye karatasi huacha nukta nyeupe, na ikikwama kwenye kichwa huacha mstari mweupe katika kila picha inayofuata. Dada, katika kumbi zenu kuna chetezo cha udi, na jivu lake ni jepesi kuliko mchanga. Iweke printa upande wa pili kabisa wa ukumbi, juu ya meza na mbali na feni. Isipochapisha, ifunike kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Karatasi ishikwe pembeni tu, kwenye vile vipande vya kukatwa, kwa maana kidole chenye mafuta ya nazi au hina mbichi kikigusa uso wake rangi haitashika mahali hapo.

Unyevu ni wa kuogopwa zaidi wakati wa mvua za masika, karatasi zinapoanza kujikunja na kukwama. Pakiti iliyofunguliwa iwekwe ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiitoe printa kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaiwasha papo hapo kwenye joto la nje, kwa sababu umande utakaa ndani yake. Ipe nusu saa kwanza.

Umeme nao uugawanye katika maswali mawili: mashine inakula kiasi gani kwa wastani, na inakula kiasi gani kichwa kinapowaka. Selphy ni nyepesi kwa yote mawili, na ina betri yake ya kununuliwa kando, ambayo ukiwa nayo kazi haitasimama hata taa zikizimika. Mashine za kilo 14 huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na nimeletewa moja iliyounganishwa kwenye inveta ya bei rahisi, yaani kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo umeme wake ni wa hatuahatua. Ilikuwa inasimama katikati ya picha, na kila ikisimama katikati, utepe wa picha ile umekwenda. Ukitumia inveta, nunua ile inayotoa umeme laini kama wa nguzo, na uijaribu nyumbani kwa picha ishirini mfululizo kabla hujaipeleka kwa watu.

Mama wa Shela

Mwanangu wa Langoni, nimesoma swali la yule mama aliyekushika mkono, nikaona kwamba wanaume hawa wamekujibu vizuri sana kuhusu mashine, lakini swali lake lenyewe bado halijajibiwa. Mimi nimezifanya kupamba kwa muda mrefu, na nina jambo ambalo nisingependa ulijue kwa njia niliyolijua mimi.

Utepe uliotumika haubaki mtupu. Mahali rangi ilipohamia kwenye karatasi hubaki pameparara, na pale isipohamia hubaki imejaa, kwa hiyo kila picha uliyochapisha inabaki ndani ya utepe mara tatu, kwa rangi tatu, mfano wa negativu za filamu za zamani. Zamani mimi nilikuwa naitupa kaseti, yaani kile kikasha cha utepe, pamoja na taka, nikidhani ni plastiki tu. Siku moja alasiri napita kichochoroni, nikawaona watoto wanarusha kishada, na mkia wa kishada chao ulikuwa mrefu na unang'aa kwa namna nisiyoizoea. Niliushika, nikauinua kwenye jua. Katika kipande cha samawati alikuwa yule binti niliyempiga picha Ijumaa, amekaa kichwa wazi na kikuba chake shingoni, na ukiwa umewahi kumuona ungemtambua pale pale. Niliwapa watoto pesa wakanunue uzi mwingine, nikakaa kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu hadi miguu iliponirudia nguvu.

Tangu siku hiyo hakuna utepe unaoondoka ukumbini ukiwa mzima. Hesabu tepe ulizoingia nazo na ulizotoka nazo. Ukimalizika, utoe kwenye kaseti na uukate kwa mkasi mkubwa ukiwa bado umezungushwa, ukate vipande vidogo kwa mapana na kwa marefu. Usiuchome ndani ya nyumba, moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua.

Jambo la pili ni simu. Printa hizi hupokea picha kwa waifai kutoka kwenye simu, na ni rahisi, lakini simu nyingi zimewekwa kuhifadhi picha zenyewe kwenye intaneti bila mwenye simu kukumbuka. Selphy ina tundu la kadi. Toa kadi kwenye kamera, uitie kwenye printa, uchague picha kwenye kioo chake, na simu yako iache mlangoni pamoja na za wenzako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni taarifa yake binafsi, lakini hata kabla ya sheria hiyo sisi tulilijua hili kuwa ni amana.

Binti wa Langoni, Lamu

Allah awalipe kheri nyote. Nitaanza na Selphy moja na betri yake, na ya pili nitainunua msimu wa harusi ukianza kujaa, kwa sababu sitaki kuingia deni kwa ajili ya mashine. Mama yangu wa Shela, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, nikampa na mdogo wangu ausome. Nina swali moja tu lililobaki: je, ni sawa nikimkabidhi mama wa bibi arusi huo utepe auharibu mwenyewe, au nitakuwa namtwika kazi yangu?

Mama wa Shela

Mkabidhi mwanangu, na umpe mkasi pamoja nao. Mimi hufanya hivyo mwisho wa kila sherehe, sebuleni, wageni wakishaondoka. Andika kwenye karatasi picha ulizouza na zilizoharibika, na jumla yake iwe sawa na vipande vilivyotumika kwenye utepe, kwa maana huwezi kuchapisha nakala hata moja ya siri bila utepe kuihesabu. Wapo akina mama wanaouvuta utepe na kuhesabu kipande kwa kipande mbele ya taa, nawe usione vibaya. Kaa naye mpaka amalize kukata.