Pink Floyd: Dark Side au Wish You Were Here, ipi inakukaa moyoni?

KinandaCha70: Wadau tulinganishe albamu hizi mbili za Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, maana kila nikikutana na mpenzi wa roki ya zamani ananiambia Dark Side of the Moon ya 1973 ndo kila kitu, mada imefungwa. Siikatai, imepikwa ikaiva, nyimbo zimeshikana hujui huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Ila Wish You Were Here ya 1975 ndo inanishika mimi, zile noti nne za mpiga gitaa wao David Gilmour kwenye wimbo wa Shine On You Crazy Diamond (Shine On), zinachelewa karibu dakika nne afu zikitoka mwili unasisimka kila siku

BintiSanturi: Kaka Dark Side usiishushe. Kuna wimbo wa The Great Gig in the Sky, mwimbaji Clare Torry haimbi neno hata moja, sauti tupu inapanda inashuka inalia. Nilipofiwa na baba ndo wimbo pekee nilioweza kuusikiliza, nyimbo za maneno zilinichosha. Na zile saa zinazolia mwanzoni mwa wimbo wa Time, fundi mitambo Alan Parsons alizirekodi moja moja kwenye duka la saa za kale, nani ana subira hiyo leo??

MzeeWaKanda: Wanangu mbona hamumtaji Syd Barrett? Ndiye aliyeiongoza bendi mwanzoni, akili ikayumba, 1968 wakaachana naye. Sasa Juni 1975 wako studio za Abbey Road wanamalizia Shine On, wimbo wa kumlilia yeye, akaingia mtu mnene kanyoa kichwa mpaka nyusi na wenzake hawakumtambua. Kumbe ndo yeye. Dark Side inasema na kila mtu, muda, pesa, kifo, ila Wish You Were Here inamtafuta mtu mmoja, mi kwangu imeshinda

Mgeni_wa_Roki: shikamoo mzee, mi ndo naanza, nianze na ipi

BintiSanturi: Dark Side, dakika 43 hivi, vaa hedifoni usiruke wimbo

KinandaCha70: Mi ningemwanzisha na wimbo wenyewe wa Wish You Were Here. Gitaa la kwanza linasikika kama linatoka kwenye redio, afu la pili linaingia liko karibu na wewe kabisa, ukitega sikio unamsikia Gilmour anakohoa

MzeeWaKanda: Marahaba mwanangu. Msikilize Binti kwanza, ila ukifika Shine On usiwe na haraka nayo