Chakula cha jioni cha kufundishia watoto jiografia: nianzie wapi nikiwa Mbeya?

Mama_Uyole
Wadau, habari za jioni. Nina watoto wawili, mmoja darasa la nne na mwingine la sita. Mikoa wanaitaja yote bila kukwama, ila ukiwauliza kwa nini Dodoma wanalima uwele na Tukuyu ndizi, kimya. Nataka kila Ijumaa tupike chakula cha sehemu moja huku ramani iko mezani. Nimefikiria twende mkoa kwa mkoa kwa alfabeti, tuanze na Arusha. Nina jiko la gesi na la mkaa, sokoni naenda Mwanjelwa au hapahapa Uyole. Naomba mpangilio na vipimo vya watu sita.

Mteremko
Mama, alfabeti iache. Leo Arusha, kesho Dar, keshokutwa Dodoma: mtoto hataona kinachounganisha. Tena mipaka ya mikoa hubadilika, Songwe yenyewe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ndizi hazikujua.

Anza na barabara inayopita hapo kwenu kushuka Kyela. Isongole, juu ya mita 2,000, ni baridi na viazi mviringo. Tukuyu, kama mita 1,500, ndizi na chai. Kyela, karibu mita 500 tu, joto, mpunga, kakao na michikichi. Ijumaa tatu, barabara moja. Ya nne nendeni Usangu, Mbarali. Huko nako ni mpunga, lakini si kwa sababu ileile: Kyela mvua inamwagika kwelikweli, Usangu ni tambarare kavu inayotegemea mito ya milimani na mifereji. Hilo swali waachie walijibu wenyewe wakati wanakula.

Ndizi za Tukuyu kwa watu sita: ndizi mbichi za kupika 20, maharage yaliyokwisha kuiva vikombe 2, kitunguu kimoja, maziwa kikombe kimoja, chumvi. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakaa siku mbili kwenye vidole. Kila ndizi ikimenywa iingie kwenye maji ya chumvi isiwe nyeusi. Panga sufuriani na kitunguu, maji yafike usawa wa ndizi, yasizidi. Zikianza kulainika weka maharage, tikisa sufuria badala ya kukoroga, maana mwiko unazivuruga zikawa uji. Maziwa ni mwisho, moto mdogo, dakika tano. Nyanya usiweke siku hiyo. Uchachu wake unakata maziwa.

Chungu_cha_Mafinga
Naunga mkono, ila ongeza somo la mwinuko palepale jikoni. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 au 95. Kyela ni kama 98. Ndiyo maana maharage ya huku yanachelewa kuiva. Wengi huongeza moto. Haisaidii, maji yakishachemka joto halipandi tena, yanakauka tu na mkaa unaisha. Loweka usiku kucha, funika vizuri, au tumia presha kuka. Mwenye presha kuka apike nusu ya maharage humo na nusu kwenye sufuria la kawaida, watoto waangalie saa. Hapo kanieneo ya hewa wataielewa bila kukariri.

Dodoma iwe Ijumaa ya tano, maana ni kinyume cha Tukuyu. Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka kwa sababu ya milima na unyevu wa Ziwa Nyasa. Dodoma haifiki 600, na inanyesha msimu mmoja. Uwele unakomaa upesi na unavumilia ukame, ndizi haziwezi. Pika ugali wa uwele na mlenda. Unga wa uwele peke yake haushikani kama wa mahindi, kwa hiyo kwa watoto changanya nusu kwa nusu na muhogo. Mlenda mkavu: maji vikombe 3 yachemke, magadi ncha ya kijiko, nyunyiza mlenda vijiko 4 vya chakula huku unakoroga, kisha karanga za kusaga nusu kikombe. Usifunike, utafurika wote jikoni. Magadi yakizidi unakuwa na ladha ya sabuni na hakuna wa kuula.

Mama_Uyole
Asanteni sana. Na maziwa makuu? Huyu wa darasa la sita anayachanganya yote matatu.

Dagaa_Tatu
Hilo ndilo rahisi kuliko yote, dada. Nunua dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma na usipa wa Nyasa, kikombe kimoja kimoja. Ukikosa wa Kigoma ulizia wa Kasanga, ziwa ni hilohilo la Tanganyika. Watandaze kwenye sahani tatu wakiwa wakavu, watoto wawatazame. Ni samaki watatu tofauti kabisa.

Kisha kata nyuzi tatu, sentimita moja iwe mita kumi za kina. Victoria sentimita 8, Nyasa 70, Tanganyika 147. Zitundike ukutani pamoja. Victoria kwenye ramani ndilo kubwa kuliko yote, ukutani linakuwa kibwebwe tu. Hapo ndipo useme kuhusu Bonde la Ufa: Tanganyika na Nyasa yamekaa ndani ya ufa, ndiyo maana ni marefu, membamba na ya kina, Victoria limetanda katikati ya mikono miwili ya ufa.

Kupika: wa Mwanza wengi huanikwa mchangani. Watie kwenye maji ya vuguvugu, wachote kwa mkono kutoka juu, usimimine, mchanga umekaa chini. Rudia mpaka maji yatulie bila chembe. Toa vichwa, uchungu mwingi uko huko. Wakaange wote bila mafuta mpaka wakauke, halafu kila aina na sufuria lake, mapishi yaleyale: kitunguu, nyanya mbili, chumvi. Ukibadilisha viungo hawatajua tofauti imetoka kwa samaki au kwa mpishi. Siku nyingine, nje ya jaribio hili, wa Kigoma unaweza kuwawekea mawese. Yakiganda kwenye chupa Juni na Julai hayajaharibika, ni baridi ya Mbeya.

Mteremko
Pwani iweke mwisho, nazi ni ghali huku. Imesafiri zaidi ya kilomita 800. Watoto waifuate kwenye ramani: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Igawa. Itikise kabla ya kulipa, isiyo na mlio wa maji iache, na angalia macho yake yasiwe na ukungu. Mchele vikombe 4, nazi 2. Pika kwa tui jepesi vikombe 6, tui zito kikombe kimoja likikaribia kukauka, kisha funika na palia makaa juu ya mfuniko.