Video zangu za slomo (mwendo wa taratibu) zinagandaganda, nakosea wapi?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anafanya sarakasi na mimi ndiye ninayemrekodi. Nataka samasoti yake ionekane taratibu, tangu miguu inapoacha ardhi mpaka anapotua. Huwa narekodi kawaida, kisha kwenye programu ya kuhariri napunguza kasi hadi robo. Anaonekana anagandaganda hewani. Nikajaribu sehemu ya slomo ya kamera, ndani ya ukumbi, video ikawa na giza na taa zinapepesa. Amehangaika miezi na samasoti hii, inaniuma nikiiharibu kwa simu. Naombeni ushauri.

Jicho_Pevu: Mkuu, video ya kawaida ina fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Ukiipunguza hadi robo, kila sekunde unayotazama inabaki na fremu 7 na nusu za kweli, ndiyo maana inaganda. Slomo inatengenezwa wakati wa kurekodi. Weka fremu 120, au 240 kama simu inazo. Ukicheza fremu 120 kwa mwendo wa 30, sekunde moja inakuwa nne. Kwa 240 inakuwa nane. Samasoti ni kama sekunde moja tu, 120 zinamtosha kabisa.

Mwanga_Kwanza: Hilo giza lina sababu. Ukirekodi fremu 240, kila fremu inapata mwanga kwa muda usiozidi 1/240 ya sekunde. Fremu 30 inaweza kupata mara nane ya huo. Na taa za umeme huwaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wa mahali. Macho hayaoni, kamera inaona. Toka nje mchana, yote mawili yanaisha. Mimi slomo ya usiku niliacha kabisa.

Mleta uzi: Asanteni sana. Vipi ile kitufe ya kulainisha mwendo iliyo kwenye programu ya kuhariri?

Jicho_Pevu: Inabuni fremu za katikati. Mtu akitembea mbele ya ukuta mtupu inapita, lakini kwenye samasoti mikono na miguu inapishana, vidole vitayeyuka. Usiitegemee.

Kata_Unga: Naongeza jambo ambalo wengi wanakosea: usipunguze kasi ya video nzima! Acha akimbie kwa kasi ya kawaida, punguza pale mguu unapoacha ardhi, rudisha kasi akishatua. Mtazamaji akishaona mbio zake ndipo anahisi ule utulivu wa hewani. Simu iegemeze mahali, isimame wima, na umwachie nafasi juu ya kichwa. Sauti ya slomo huwa nzito kama ngurumo, izime uweke muziki. Halafu pandisha faili lenyewe, si lile lililopitia kwenye programu ya kuchati, kule linabanwa ubora.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Leo tumetoka nje jua likiwa kali, fremu 120, simu juu ya kiti. Imekubali! Tumeona hata vumbi likiruka alipotua. Ameirudia zaidi ya mara kumi, akagundua mguu wa kushoto unatangulia kugusa chini. Sasa hivi yuko nje anaurekebisha, kesho tunarekodi tena.