Wakuu, kwa anayetengeneza gari nyumbani ni vifaa gani huwezi kuachana navyo? Nimeharibu nati ya oili

jamaa_wa_oili

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina Corolla, na tangu mwaka jana niliamua sevisi ndogondogo nifanye mwenyewe uani, oili, filta, plagi, pedi za breki, basi. Napenda sana hii kazi, nikishika spana kichwa kinatulia.

Sasa Jumamosi nilikuwa namwaga oili. Nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ni ya milimita 14, nikachukua soketi (kile kikombe cha chuma cha kushikia nati) ya 14 kwenye ile seti kubwa ya vipande zaidi ya 100 niliyonunua nikidhani nimemaliza shida zote, nikavuta ikateleza, nikavuta tena ikateleza tena, kuja kumulika na tochi naona kona za nati zimelika zimekuwa duara. Nimejisikia vibaya mno kwa sababu ile nati haikuwa na kosa lolote, kosa ni la kifaa na la mkono wangu.

Maswali mawili. Kwanza hii nati naitoaje? Pili, nyie mliotangulia, kama mngeanza upya leo mngenunua nini kwanza, na ni kifaa gani mnakipenda kiasi kwamba kikipotea siku hiyo kazi imelala?

pembe_sita

Pole sana kaka, hiyo imetukuta wengi. Nianze na nati. Usiendelee na soketi hiyohiyo, kila ikiteleza unazidi kupunguza nyama. Safisha kichwa cha nati kwa brashi ya waya, halafu tafuta soketi ya 14 yenye pembe 6, siyo 12, igonge na nyundo ikae mpaka mwisho, vuta taratibu kwa mpini mrefu bila kushtua. Ikigoma kuna soketi maalumu za kutolea nati zilizolika, ndani zina meno yaliyojipinda, unazigonga juu ya nati na kadiri unavyofungua ndivyo zinavyouma. Hukupata hizo, vaisigripu (koleo la kujifunga) iliyobana sawasawa itafanya kazi ila nati hiyo utaitupa. Na ukiweka mpya weka na washa mpya, ile ringi ndogo ya kuzibia oili, ile ya zamani imeshabanwa ikalala.

Sasa kwa nini pembe 6. Soketi ya pembe 12 inashika nati kwenye ncha za kona, na kona ndiyo sehemu dhaifu. Ya pembe 6, hasa zile ambazo kona zake za ndani zimechongwa kidogo, inasukuma ubavu wa nati. Chukua soketi zako mbili uzitazame kwa mdomo, utaona. Pembe 12 ina faida yake pale nafasi ni finyu na huwezi kuzungusha spana sana, lakini kwa nati yenye kutu hapana, mimi siigusi.

Seti ya vipande 100 na ushee nusu yake hutaitumia maisha yako yote. Angalia gari lako linatumia saizi zipi. Gari la Kijapani linakupigia 10, 12, 14, 17, 19 na 21 ya tairi, ukiwa na hizo umemaliza karibu kila kitu. La Kijerumani ni hadithi nyingine, hapo 12 inakuwa 13, na utakutana na 16 na 18, na bolti za nyota za kila aina. Sababu ni vipimo vya viwanda tu, bolti ileile ya unene wa milimita 8, Mjapani anaiwekea kichwa cha 12 na Mjerumani cha 13. Kwa hiyo mtu akikwambia nunua seti fulani muulize kwanza anaendesha nini.

Kifaa changu cha roho ni racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi unaoshika upande mmoja tu, ya inchi 3/8 yenye meno mengi. Nimeshika za robo na za nusu inchi, zote ninazo, lakini mkono unaenda kwa 3/8 wenyewe. Ina nguvu ya kutosha kwa 14 na inaingia nyuma ya injini ambako ya nusu inchi haipiti. Yenye meno 72 inahitaji mpini usogee nyuzi 5 tu ili ishike jino linalofuata, wakati ya meno 36 inataka nyuzi 10. Ukiwa umelala chini, mkono umepita kati ya paipu na ukuta wa injini, hizo nyuzi 5 ndiyo tofauti ya kufungua na kulia.

Na tafadhali racheti isiwe ya kulegezea nati iliyoganda. Nunua pawa baa, ule mpini mrefu usio na meno ndani. Racheti ni ya kuzungusha, pawa baa ni ya kuvunja kutu.

dada_wa_stendi

Nimeona mmeanza na soketi, sawa, ila kaka kabla ya soketi zote hizo naomba nikuulize, chini ya gari unaingia likiwa limeshikwa na nini?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa nabadilisha pedi za mbele, gari liko kwenye jeki ya mafuta tu, tairi nimeshalitoa. Kwa bahati baba alinifundisha tangu mdogo kwamba tairi likitoka lilaze chini ya bodi, usiliegemeze ukutani. Niko na kalipa (kile kinachobana pedi) mkononi naona kama gari linashuka, nikajiambia macho yangu. Nikaweka alama kwa kidole kwenye mpini wa jeki, nikahesabu pole pole, kweli linashuka. Sili ya ndani ya jeki ilikuwa imechoka, mafuta yanarudi kidogokidogo. Nilitoa mikono, nikasimama pembeni nikaangalia gari zima linalalia lile tairi. Mikono ilitetemeka jioni nzima.

Tangu siku hiyo jeki kwangu ni ya kunyanyua, haishikilii kitu. Nina stendi 4 za chuma, zile za meno na kipini cha usalama. Utaratibu wangu ni huu, sehemu tambarare na ngumu, handibreki juu, kabari kwenye matairi yanayobaki chini mbele na nyuma, nanyanyua, naweka stendi mahali kitabu cha gari kinaposema, nashusha gari likae juu ya stendi, halafu nalisukuma kwa mikono kwa nguvu nikiwa nimesimama. Likitikisika naanza upya. Lisipotikisika ndiyo naingia.

Tofali usiweke, hasa zile zenye matundu. Tofali halikupi taarifa, linapasuka mara moja. Na udongo mlaini chini ya jeki unazama hivyohivyo, weka ubao mpana na mnene.

Ukiniuliza kifaa ninachokipenda jibu ni hizo stendi. Sijawahi kuzifurahia kama watu wanavyofurahia racheti, ila ndizo natoa kwanza na kurudisha mwisho.

pembe_sita

Dada umenirekebisha. Nilipaswa kuanza na hilo. Jamaa, soma hiyo hapo juu kwanza ndiyo uje kwa soketi.

karabureta

Mimi ni mtu wa pikipiki zaidi ila hili linawahusu wote. Bisibisi ya nyota siyo moja! Miaka nilikuwa naharibu skrubu za kava la injini na za karabureta nikidhani ni kutu au zimekazwa mno, kumbe skrubu nyingi za pikipiki za Kijapani za zamani zimekatwa kwa kipimo chao, kinaitwa JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida ya Phillips haikai mpaka chini, ncha inagusa kabla mabawa hayajashika, basi ukizungusha inapanda na kula skrubu. Nyingi zina kinukta kidogo kichwani pembeni ya ule msalaba, ukikiona kinukta badilisha bisibisi. Nilinunua mbili tu, namba 2 na namba 3, na sijaharibu skrubu tena.

Zilizoganda kabisa natumia bisibisi ya kugonga, ile nzito ambayo ukipiga nyundo nyuma yake inageuza pigo kuwa mzunguko. Pigo linaikandamiza ncha ndani ya skrubu na wakati huohuo linaizungusha, haina nafasi ya kuruka.

klik_moja

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Hakuna aliyeitaja na hapa ndipo wengi wa nyumbani tunaumia, tunafikiria sana kufungua na hatufikirii kukaza. Nakuhakikishia kuna uwezekano mkubwa hiyo nati ya jamaa iliganda kwa sababu aliyeikaza mara ya mwisho alitumia mguu.

Bolti inapokazwa inavutika kidogo kama springi, na ule mvuto ndio unaobana vitu pamoja. Kidogo mno inalegea na mtikisiko, nyingi mno inavutika moja kwa moja au inang'oa nyuzi, na sampo nyingi ni aluminiamu. Kwenye Corolla nyingi nati ya oili ni Nm 37 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na nati za tairi ni Nm 103, hakikisha kwenye kitabu cha modeli yako. Sasa fikiria, mpini wa sentimita 40, ukiegemeza uzito wa kilo 25 mwishoni unapata karibu Nm 98. Yaani tairi halihitaji kurukia spana hata kidogo, na nati ya oili ni kama theluthi ya hapo.

Ukiinunua itunze. Usifungulie nati, ni ya kukazia. Ikilia klik mara moja acha, ukivuta tena unaongeza. Ukimaliza irudishe kwenye kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa ili springi ya ndani ipumzike, usiipitishe chini ya hapo.

mkono_wa_zamani

Mkuu klik_moja nakubaliana kwenye tairi na silinda hedi, ila bolti ndogo za kichwa cha 10 mimi nakaza kwa mkono na miaka mingi sijakata hata moja. Hizo zinataka karibu Nm 10 tu, na toki renchi kubwa ya nusu inchi huko chini haisomi vizuri, mtu anasubiri klik haiji, anavuta, bolti imekatika. Niliona kijana mmoja akikata 3 mfululizo kwenye kava la valvu kwa mtindo huo. Kwa hizo shika spana fupi karibu na kichwa, vidole viwili, ikikaa ongeza kidogo, mwisho.

klik_moja

Mzee uko sahihi kabisa, hiyo ni hatari. Ndiyo maana ninazo mbili, ndogo ya robo inchi na kubwa ya nusu. Mwenye kubwa peke yake asiende nayo kwenye bolti ndogo, afuate vidole vya mzee.

mkono_wa_zamani

Sawa mkuu. Niongeze moja niliyopewa na mwalimu wangu wa gereji, haiuzwi popote. Chukua katoni, chora umbo la kava unalofungua, toboa matundu, kila bolti ikitoka ichomeke kwenye tundu lake palepale ilipotoka. Bolti za kava zinafanana lakini urefu unatofautiana, ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi inafika mwisho kabla haijabana, unazidi kukaza na unapasua. Mimi bado nina katoni ya kava la injini ya gari langu la kwanza, imejaa oili, maandishi yanasomeka.

Na spana malaya, ile ya taya linalosogea kwa saizi zote, iache ndani ya boksi mpaka huna njia nyingine. Ukilazimika, vuta upande ambao taya lisilosogea ndilo linalobeba nguvu.

nyaya_tu

Mita ya umeme jamani, haina ukubwa wala uzito. Betri iliyochaji vizuri na kupumzika inasoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka inatakiwa iwe kama 13.8 hadi 14.5. Ukijua namba hizo tu hutanunua betri mpya wakati aliyekufa ni oltaneta, ile inayochaji betri.

Pia kwa mnaogusa breki, paipu za breki zina spana yake, ni kama ringi iliyokatwa mlango mdogo ili ipite kwenye paipu. Nati zile ni laini, spana ya mdomo wazi inashika pande 2 tu na inazila. Ukiila ile, unabadilisha paipu nzima.

jamaa_wa_oili

Wakuu nimerudi. Nimeazima stendi 2 kwa jirani kwanza dada, nikaweka kabari, nikasukuma gari mara tatu. Halafu soketi ya 14 ya pembe 6, nikaipiga nyundo mara 4 ikaingia kwa kubana, pawa baa, nikavuta polepole. Kwanza hakuna kitu. Halafu nikasikia ule mlio wa "kre" na mkono ukasogea, aisee sijui nieleze vipi ile furaha. Washa ya zamani ilikuwa imekuwa bapa kama karatasi. Nati mpya na washa mpya ziko ndani, nimekaza kwa toki renchi ya kuazima Nm 37, na ni kweli ni kidogo sana, nilishtuka klik ilipokuja mapema vile, mkono ulikuwa bado unataka kuendelea.

Ile seti kubwa nimechambua, nimetoa soketi zote za pembe 12 nimeweka pembeni kwa kazi za kawaida. Nanunua stendi zangu kwanza, halafu soketi 6 alizotaja pembe_sita, halafu toki renchi.

Swali dogo tu kwa dada_wa_stendi, Corolla sehemu ya kuweka stendi nyuma ni kwenye ule mkunjo wa bati pembeni wenye alama mbili, au ndani zaidi?

dada_wa_stendi

Hongera kaka! Ndiyo, mkunjo huo, katikati ya zile alama mbili, hapo bati limeongezewa nguvu. Stendi yenye kichwa cha kawaida inaweza kuukunja ule ukingo, kwa hiyo weka juu yake mpira mgumu wenye mfereji katikati, ukingo uingie kwenye mfereji na uzito ukae pembeni zake. Na rudisha za jirani zikiwa safi.