Mwarobaini au dawa ya dukani? Wadudu wanamaliza bustani

Bi Chumbageni: Habari wakuu. Niko Tanga mjini, nina kibustani nyuma ya nyumba. Majani yanajikunja na yananata kama yamemwagiwa soda. Jirani anasema nitwange mwarobaini, shemeji anasema niende duka la pembejeo. Jumamosi nina nafasi, nishike lipi?

Mzee wa Pongwe: Umepanda nini, dada? Na mdudu mwenyewe umemwona? Geuza jani utazame chini.

mkonge_88: Mwarobaini tu. Huku pwani umejaa, hela ya dukani ya nini? Twanga mbegu kavu, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani. Piga jioni, jua linaiua nguvu.

Kijana wa Duga: Mwarobaini hauui papo hapo, unamkatisha mdudu kula na kukua. Achukue imidaklopridi, ile sumu ya wadudu ya dukani, yaishe.

Mzee wa Pongwe: Kama ni mchicha wa kuliwa keshokutwa? Ile inaingia ndani ya mmea, haitoki kwa kuosha. Na nyuki je?

Ukhti Raskazone: Na huko dukani macho. Bilinganya zangu zilishikwa na utitiri, ule wenye vitandu chini ya jani. Muuzaji mmoja akanipimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, ati kifuniko kimoja kwa ndoo. Nikapiga, nikarudia, utitiri ndiyo kwanza unaongezeka. Bwana shamba akaja, akauliza dawa gani, sina jibu. Akanambia utitiri una miguu minane, ni jamaa ya buibui, dawa nyingi za wadudu haziugusi, tena zinaua wale wanaoula. Wakati huo mwanangu kaishika chupa anataka kunywa! Alhamdulillahi nilimuwahi. Sasa kisicho na lebo, usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, sinunui.

mkonge_88: Pole sana ukhti. Maji ya tumbaku je? Bibi yangu alikuwa anapiga hayo.

Kijana wa Duga: Kwenye nyanya? Tumbaku na nyanya ukoo mmoja, utaziletea virusi vya batobato. Na nikotini sumu kwako pia.

mkonge_88: Bibi kafika miaka tisini, shekhe.

Bi Chumbageni: Samahani, nilikuwa kazini. Ni nyanya, hoho na mchicha kidogo. Kwenye hoho vimerundikana vidudu vya kijani, sisimizi wanapanda. Nyanya nikizitikisa vinaruka vyeupe.

Mzee wa Pongwe: Ungesema mapema! Vya kijani ni vidukari. Sisimizi wanafuata utamu wao na kuwalinda. Maji ya sabuni, yawafikie hasa chini ya majani. Vyeupe ni inzi weupe, ndio waletao rasta, ule ugonjwa wa virusi wa nyanya kujikunja majani. Mche uliopata rasta ng'oa, hauponi kwa dawa yoyote. Tundika plastiki ya njano iliyopakwa grisi, watanasa.

Ukhti Raskazone: Sisimizi wenyewe wakiwa majimoto, wale wang'ataji wanaoshona majani kuwa viota, mimi nisingewagusa.

mkonge_88: Kweli, walinzi wa minazi wale. Wakiondoka, nazi changa zinadondoka.

Kijana wa Duga: Walinzi gani! Muheza nilipanda mchungwa nikashuka bila shati.

Mzee wa Pongwe: Jipake majivu mikononi kabla ya kupanda.

mkonge_88: Hivi Muheza machungwa sasa hivi shambani bei gani?

Kijana wa Duga: Unataka gunia au la kula?